Muhtasari wa Nyumba: Jiometri, Joto na Nafasi ya Kiswahili

Wahenga walisema kwamba nyumba njema si mlango. Methali hii hufunzwa darasani kama onyo dhidi ya kuhukumu mambo kwa sura ya nje, na aghalabu mwanafunzi huikariri bila kuifikiria nyumba yenyewe. Hata hivyo, ipo taaluma ya leo inayoichukua methali hii kwa maana yake ya wazi kabisa. Ni taaluma ya kuiga matumizi ya nishati ya jengo kwa kompyuta kabla jengo lenyewe halijasimama. Jengo huchorwa kwa namba, likapitishiwa jua na upepo wa mwaka mzima, kisha matokeo yakasomwa: ni saa zipi walio ndani watasumbuliwa na joto, ni saa zipi watahitaji taa, na ni umeme kiasi gani utakaotumika ili wapoe. Taaluma hii haiulizi mlango umenakshiwa vipi. Inauliza aliye ndani ana hali gani.

Suala hili linawahusu wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili kuliko inavyodhaniwa. Kabla kompyuta haijakokotoa lolote, lazima mtu aamue ni sehemu zipi za jengo zitakazoingia katika mchoro na ni zipi zitakazoachwa. Kazi hiyo ni ufupisho, zoezi ambalo kila mtahiniwa wa Kiswahili katika shule za upili za Kenya amewahi kulifanya. Ufupisho mbaya wa kifungu humpotezea mwanafunzi alama. Ufupisho mbaya wa jengo humweka mtoto chini ya paa linalochoma kwa miaka yote ya masomo yake. Maoni yanayotolewa hapa ni kwamba jengo haliwezi kufupishwa vyema bila lugha ambayo mwenye nyumba, fundi na mhandisi wanaweza kubishana kwayo. Katika maeneo kama Kalamba, Ukambani, lugha hiyo ni Kiswahili, mradi kikubali kumsikiliza fundi na kuazima kutoka Kikamba.

Jinsi kompyuta inavyoiona nyumba

Programu za aina hii si ngeni duniani. Zilianza kuundwa miongo kadhaa iliyopita, na mojawapo ya zile zinazotumika sana leo, EnergyPlus, ilitolewa na Wizara ya Nishati ya Marekani mwaka 2001. Programu kama hiyo haioni nyumba kama binadamu aionavyo. Inachokiona ni orodha ya nyuso bapa: ukuta mmoja ni uso mmoja, upande mmoja wa paa ni uso mmoja, dirisha ni uso mdogo uliomo ndani ya uso mkubwa. Kila uso hutajwa kwa vipeo vyake, na kila kipeo kwa vipimo vitatu vya mahali kilipo. Hata mpangilio wa kuvitaja vipeo una maana. Vikitajwa kwa mzunguko usio sahihi, uso hugeuka, na kompyuta ikadhani kwamba upande wa ndani ndio unaopigwa na jua. Sarufi ya jengo haisamehe kosa la mpangilio, sawa na sentensi ya Kiswahili isivyosamehe kosa la upatanisho.

Aidha, nyuso hizo sharti zikutane na kufunga nafasi. Pakiwa na mwanya kati ya ukuta na paa katika mchoro, kompyuta haiwezi kujua ujazo wa hewa iliyomo. Nafasi iliyofungwa huitwa ukanda wa joto, na kwa kawaida huchukuliwa kwamba hewa yote katika ukanda mmoja ina joto moja, kuanzia sakafuni hadi darini. Ukokotoaji hufanywa saa baada ya saa, kwa saa 8,760 za mwaka. Ndiyo maana jengo lenye nyuso nyingi huichosha programu, hasa katika kutafuta kivuli cha kila uso juu ya uso mwingine. Mchoraji hulazimika kupunguza. Nakshi za mlango huachwa, bawaba huachwa, mikunjo ya mabati hunyooshwa ikawa uso mmoja ulio laini.

Maumbo yaliyopinda huleta mtihani zaidi, na mfano mzuri ni nyumba ya mviringo ya kale ya Wakamba. Kompyuta haikubali duara, kwa hiyo duara lazima ligeuzwe kuwa umbo lenye pembe. Mchoraji akiweka pembe 4 ndani ya duara, eneo la sakafu linalobaki ni kama asilimia 64 tu ya nyumba halisi. Akiweka pembe 8, hupata asilimia 90, na akiweka 12, asilimia 95. Mchoraji hodari hafuati njia hiyo. Hutumia pembe 8 lakini huzisogeza nje kidogo, kwa kiasi cha asilimia 5 ya nusu kipenyo, hata eneo likalingana na lile la duara. Ukuta nao ukazidi urefu wake wa kweli kwa asilimia isiyofika 3. Amedanganya umbo ili asidanganye hewa. Hiyo ndiyo maana ya ufupisho mwema: kubadilisha maneno ili maana isibadilike.

Kinachoachwa Kalamba

Kalamba iko Makueni, katika nyanda kavu za Ukambani, zilizo karibu nyuzi 2 kusini ya ikweta. Ni nchi ya mbaazi na ndengu, maembe na machungwa, na kiwanda cha kusindika matunda cha Kaunti ya Makueni kimejengwa Kalamba. Jengo la kawaida huko ni la matofali ya kuchoma na mabati. Katika mchoro wa kompyuta jengo kama hilo huonekana kuwa rahisi mno: sanduku lenye kofia. Ugumu wake hauko katika umbo linaloonekana, bali katika mambo manne ambayo mgeni anaweza kuyaacha pasipo kujua kwamba ameacha kitu.

La kwanza ni upenu. Mwezi Juni jua la adhuhuri huelekea kaskazini na kusimama karibu nyuzi 65 juu ya upeo. Upenu wa sentimita 60 hutia ukuta wa kaskazini kivuli cha zaidi ya mita 1.2, kiasi cha kutosha kulifunika dirisha. Lakini upenu huo huo, saa kumi alasiri katika mwezi wa Machi au Septemba, huupa ukuta wa magharibi kivuli cha sentimita 35 hivi. Kwa hiyo mchoraji anayeukata upenu kwa sababu si sehemu ya chumba amefuta kinga ya upande mmoja, na yule anayeuamini kwa pande zote amebuni kinga isiyokuwepo.

La pili ni mti. Kwa kuwa upenu hauusaidii ukuta wa magharibi, mwenye nyumba wa Ukambani mara nyingi huutegemea mti. Katika orodha ya kompyuta mti ni uso wa kivuli tu, na programu haiulizi ni mti gani. Mwenyeji angeuliza. Mwembe hukaa na majani mwaka mzima. Mbuyu hupukutisha majani wakati wa kiangazi, na joto la Septemba na Oktoba linapopanda kabla ya mvua, huenda ukawa matawi matupu. Kivuli cha mwembe na kivuli cha mbuyu ni vitu viwili tofauti, na tofauti hiyo haimo katika vipimo vya shina wala urefu.

La tatu ni ukuta usiofika juu. Katika nyumba nyingi zisizo na dari, kuta za kugawanya vyumba huishia usawa wa linta, na juu yake hewa husafiri kutoka chumba kimoja hadi kingine chini ya mabati. Mchoraji anayehesabu vyumba 4 akaandika kanda 4 za joto amefuata ramani akaisahau nyumba. Mama wa nyumba hahitaji kompyuta kumjulisha jambo hilo. Anajua kwamba kitunguu kikikaangwa upande huu, aliyelala upande ule huamka. Ushahidi wake unafaa kuandikwa kando ya mchoro, kwa kuwa unaonyesha hewa inakopita.

La nne, na ndilo zito zaidi, ni mabati yenyewe. Bati la geji 30 ni jembamba kiasi kwamba halichelewishi joto hata kidogo, ilhali ukuta wa matofali huchukua saa kadhaa kuupitisha moto wa nje hadi ndani. Bati likipata moto humulika joto lake moja kwa moja juu ya vichwa vilivyo chini yake, hata kama hewa ya chumbani haijapanda sana. Darasa lisilo na dari likiandikwa kama ukanda mmoja, na msomaji wa matokeo akatazama joto la hewa peke yake, wastani huo humficha mtoto aliyeketi pale anapomulikwa. Likiwekwa dari, nafasi iliyo kati ya dari na bati inapaswa kuandikwa kama ukanda wake wa pekee, la sivyo faida ya dari haitaonekana katika hesabu, na kisichoonekana katika hesabu ndicho hukatwa katika bajeti.

Haifai kutokana na hayo kuhitimisha kwamba mabati ni adui na kwamba wakazi warudi kwenye nyasi. Katika nchi kavu, paa la mabati ni shamba la maji. Mvua inayolipiga huteremka katika mchirizi hadi tangini, na familia ikapunguziwa safari za kwenda kisimani. Nyasi hazitoi maji hayo, na nyasi zenyewe hazipatikani tena kwa urahisi. Kinachotakiwa ni kupima: dari ya aina gani, upenu wa urefu gani, upande upi wa jengo uelekee magharibi, matundu ya hewa yawekwe wapi. Maswali hayo ndiyo ambayo uigaji wa kompyuta unaweza kuyajibu kwa bei ndogo kuliko bei ya kujenga na kubomoa.

Msamiati uliopo na msamiati unaokosekana

Yapo majengo nchini Kenya yanayodhihirisha kwamba usanifu wa kujali joto si ndoto. Katika Chuo Kikuu Katoliki cha Afrika Mashariki, Nairobi, msanifu Musau Kimeu alibuni jengo la maktaba na mafunzo ambalo hewa yake hupoozwa kwa kupitishwa katika matandiko ya mawe chini ya ardhi. Huko Gigiri, ofisi za Umoja wa Mataifa zilizofunguliwa mwaka 2011 zilijengwa kwa kuzingatia mwanga wa mchana na umeme wa jua. Mwaka 2014 UN-Habitat ilichapisha mwongozo mpana wa usanifu wa majengo katika nchi za joto, ukilenga Afrika Mashariki. Mwongozo huo uliandikwa kwa Kiingereza. Mhandisi wa Nairobi ataufaidi. Fundi wa Kalamba, ambaye ndiye atakayeamua kwa mkono wake kama upenu utakuwa wa sentimita 60 au 20, hataufaidi.

Je, Kiswahili kina uwezo wa kuyabeba mambo haya? Jibu ni kwamba kilikuwa kikiyabeba kabla kompyuta haijazaliwa. Lugha hii ina paa na kisusi, upenu na mchirizi, mwamba na kombamoyo, boriti na pau, kiambaza na baraza. Kila neno miongoni mwa haya hutaja sehemu ya umbo ambayo mhandisi wa leo huichora kama uso, mstari au kivuli. Wajenzi wa nyumba za mawe za Lamu, mji uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, walikuwa na majina ya kila hatua ya kuingia ndani: daka mlangoni, tekani, kiwanda, misana, hadi ndani kabisa. Upana wa vyumba vyao uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko, na unene wa kuta ulichelewesha joto. Kiwanda katika nyumba hizo kilikuwa ua ulio wazi kwa anga, ulioingiza mwanga na hewa. Leo neno hilo hilo ndilo linalotaja jengo la kusindika maembe pale Kalamba. Neno limehama kutoka mahali penye hewa hadi mahali penye mitambo, na si vibaya msanifu wa viwanda kukumbuka lilikotoka.

Kwa hiyo upungufu si wa maneno ya nyumba. Upungufu ni wa maneno ya kuunganisha nyumba na hesabu: ukanda wa joto, uso wa kivuli, uso unaotazama ndani, ucheleweshaji wa joto. Kazi hiyo imewahi kufanywa katika nyanja nyingine. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa programu ya ofisi kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice, mwaka 2004. Ujenzi, ambao huajiri vijana wengi wanaozungumza Kiswahili kazini kila siku, bado unasubiri.

Ni muhimu hata hivyo kuonya dhidi ya ugonjwa unaojulikana wa kubuni istilahi mezani. Istilahi ikitengenezwa na mtu ambaye hajawahi kusimama juu ya jukwaa la fundi, hubaki katika karatasi za semina. Utafiti wa msamiati huu unapaswa kuanzia penye mchanga na saruji. Mtafiti amwulize fundi anaiitaje ile sehemu ya ukuta iliyo juu ya linta, anaiitaje nafasi iliyo kati ya silingi na mabati, na kwa nini. Kalamba lugha ya nyumbani ni Kikamba, na Kiswahili ni lugha ya mahali pa kazi ambapo watu wa asili mbalimbali hukutana. Kiswahili kisione haya kuazima pale Kikamba kinapokuwa na neno lililokamilika. Thome, kwa mfano, ni mahali pa nje ya boma ambapo wazee huketi na kuota moto. Mchoraji anayejua neno hilo anajua kwamba nyumba haiishi ukutani, na kwamba sehemu ya maisha ya jioni hupitishwa nje, saa zile zile ambazo matofali huwa yanaachilia ndani joto la mchana.

Pingamizi

Msomaji anaweza kupinga kwamba nyumba ya mtu wa kawaida haihitaji uigaji wa kompyuta, na kwamba gharama ya mtaalamu ingetosha kununua dari. Pingamizi hili ni la haki kwa nyumba moja. Lakini madarasa hayajengwi moja moja. Mwaka 2021 na 2022 serikali ya Kenya ilitekeleza mradi wa madarasa 10,000 kwa ajili ya mtaala mpya. Mradi wa ukubwa huo hutegemea ramani za mfano, na ramani ya mfano ni maandishi yanayonakiliwa. Kosa likiwamo katika nakala ya kwanza hunakiliwa pia. Limuru penye baridi na Kalamba penye jua haziwezi kuhudumiwa na paa moja bila mmoja kuumia. Uigaji mmoja wa kila aina ya hali ya hewa, ukifanywa kwa uangalifu, gharama yake hugawanywa kwa maelfu ya madarasa.

Pingamizi la pili ni kwamba programu zenyewe ni za Kiingereza na zitabaki hivyo, kwa hiyo Kiswahili hakina kazi. Hapa pana mchanganyiko wa mambo mawili. Kukokotoa kunaweza kufanywa kwa lugha yoyote, na kompyuta haijali. Kuamua ni nini kikokotolewe ni jambo la watu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pia, na inatambua haki ya wananchi kushirikishwa katika mambo ya umma. Kamati ya shule inayowekewa mbele ramani na jedwali la namba katika lugha isiyoweza kuihoji haijashirikishwa, imeonyeshwa tu. Ikiweza kuuliza kwa maneno yake, "Mbona mwembe wa magharibi haumo katika mchoro huu?", uigaji wenyewe utakuwa sahihi zaidi.

Hitimisho

Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vina desturi ya kuandaa makongamano, mashindano ya insha na safari za nyanjani. Itafaa safari moja ielekezwe mahali pa ujenzi, na wanafunzi wa idara za usanifu waalikwe. Kutoka safari hiyo ipatikane orodha fupi ya maneno, yasiyozidi 100, yaliyokusanywa vinywani mwa mafundi wa Makueni na Kitui na kulinganishwa na ya pwani, kila neno likiwa na mchoro wake. Orodha hiyo ipelekwe kwa wasanifu, ijaribiwe katika jengo moja la kweli, na irekebishwe. Wahadhiri wanaosimamia tasnifu za istilahi wanaweza kuona humo mada ambayo haijachoshwa.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kompyuta ni mgeni aliyekuja na hesabu za jua, na uponyaji anaoleta ni wa kweli. Lakini hakuna mgeni anayemponya mwenyeji asiyemwambia panapouma. Mtoto wa Kalamba anayeketi chini ya bati saa saba ya mchana anajua panapouma. Wajibu wa wasomi wa Kiswahili ni kuhakikisha kwamba anachokijua kina neno, na kwamba neno hilo linaingia katika mchoro kabla msingi haujachimbwa.